Jason Sendwe, mganga aliyeongoza jimbo

Ndugu zetu wa Kalemie tunachangia nao ziwa moja. Mwaka 1963 mji wao, wakati ule Albertville, ulikuwa makao makuu ya jimbo la Katanga ya Kaskazini. Rais wa jimbo, yaani gavana kwa lugha ya leo, alikuwa Jason Sendwe.

Sendwe alilelewa na Wamethodisti, akasomea uganga wa hospitali. Tshombe alipoitenga Katanga mwaka 1960, yeye na chama chake, Balubakat, walikataa. Mwaka 1961 akawa naibu waziri mkuu wa Adoula.

Mei 1964 uasi uliteka Uvira, ukaenea Fizi yetu, ukashuka na ziwa. Juni, Sendwe akauawa. Tusiseme damu ile haituhusu: vijana wa huku nao walibeba silaha katika uasi uleule.

Cheo chake hakikutimiza mwaka. Lakini hospitali kubwa ya Lubumbashi inaitwa Sendwe hadi leo, na sisi wa Nundu tunajua hospitali ni nini kwa watu. Basi kiongozi tumwombee na tumheshimu angali hai, tusingoje matanga.