Baraza la Madiwani la Jiji la Tanga: Historia Fupi ya Kazi za Kawaida

Tanga ilipandishwa hadhi kutoka manispaa kuwa jiji mwaka 2005. Historia ya mji huu kwa kawaida husimuliwa kupitia mambo makubwa: reli iliyoanza kujengwa kutoka bandarini mwaka 1893, mapigano ya Novemba 1914 kati ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza, na mkonge uliolilisha eneo zima kwa miongo mingi. Chombo ambacho hakitajwi sana katika masimulizi hayo ni baraza la madiwani, yaani mkutano wa wawakilishi wa kata ambao ndio wenye kauli ya mwisho ndani ya halmashauri, kwa sababu kazi zake ni zile zinazorudiwa bila kelele: kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo, kupanga ushuru wa masoko, kuondoa taka na kusimamia shule za msingi na zahanati. Historia hii fupi inashikilia kwamba kazi hizo za kawaida ndizo zilizoufanya mji uendelee kukalika, na kwamba ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hilo ni miaka michache ambayo mji haukuwa na baraza kabisa.

Chimbuko

Utawala wa Kijerumani uliukuta mwambao wenye utaratibu wake wa maliwali, maakida na majumbe, nao ukautumia utaratibu huo chini ya mkuu wa wilaya aliyekaa bomani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mabaraza madogo ya washauri yaliundwa katika wilaya za koloni ili yashauri kuhusu matumizi ya sehemu ya kodi iliyobaki wilayani, lakini wajumbe wake walikuwa hasa walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu, na wenyeji waliolipa kodi ya kibanda hawakuwa na kura ndani yake. Kwa hiyo, huduma za mji zilianza kabla ya uwakilishi wa wakazi, na pengo hilo lilichukua zaidi ya nusu karne kuzibwa.

Waingereza walipochukua Tanganyika walitunga mwaka 1920 sheria ya miji ambayo chini yake mji kama Tanga uliendeshwa na mamlaka ya mji, yaani kamati iliyoongozwa na afisa wa serikali pamoja na wajumbe walioteuliwa. Kazi zake hazikuwa na fahari yoyote: kuzoa taka, kukagua nyama machinjioni, kufukia madimbwi ya mbu, kutoa leseni za maduka, kutunza makaburi na kuweka taa barabarani. Hata hivyo kila uamuzi ulikuwa na upande wake wa siasa, kwa kuwa mji uligawanywa kwa misingi ya rangi: Wazungu walijenga kuelekea Raskazone, Wahindi walishika eneo la biashara la katikati, na Waafrika wakapangiwa Ngamiani, mtaa wa barabara zilizonyooka na kupewa namba badala ya majina. Suala la mtaro upi uchimbwe kwanza, au gari la taka lipite wapi, lilikuwa pia suala la nani anahesabiwa kuwa mkazi kamili wa mji.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1953 ilifungua njia ya kuundwa kwa mabaraza ya miji yenye mamlaka mapana zaidi, na katika muongo huo Tanga ikapata baraza lake la mji. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 uwakilishi wa kirangi uliondolewa, na diwani akawa mwakilishi wa kata bila kujali asili ya wapiga kura wake. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Tanga ikiwa na watu wapatao 61,000, ambao wengi wao walitegemea mkonge, bandari, reli na viwanda vilivyokuwa vikikua.

Miaka bila baraza

Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani, ambao nia yake iliyotangazwa ilikuwa kuusogeza uamuzi karibu na wananchi, lakini ambao kwa vitendo ulihamishia madaraka ya halmashauri kwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa kwanza, kisha zile za miji zikafuata, na shughuli za miji zikaunganishwa na za wilaya zilizoizunguka, ambako kilimo na maendeleo ya vijiji ndivyo vilivyopewa kipaumbele. Matokeo yalionekana haraka katika miji mingi ya Tanzania: magari ya taka yaliharibika bila kutengenezwa, mifereji iliziba, barabara zilichimbika, shule na zahanati zikakosa matunzo, na maradhi ya kuhara, kikiwamo kipindupindu, yakawa tishio katika nusu ya pili ya muongo huo.

Upungufu wa fedha na wa vifaa ulichangia hali hiyo, lakini haukuwa chanzo pekee. Kilichokosekana pia ni mahali maalumu ambapo tatizo la mtaa fulani lingetajwa kwa jina, likaandikwa katika kumbukumbu, na kuulizwa tena katika kikao kilichofuata hadi lipatiwe jibu. Mtumishi aliyewajibika kwa wizara hakuwa na sababu ya kisheria ya kumjibu mkazi wa Makorora au Chumbageni. Serikali ilikiri upungufu huo kwa kutunga sheria ya mpito ya mwaka 1978 iliyorejesha halmashauri za miji, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria kuu za serikali za mitaa: Sheria Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji, na Namba 9 ya fedha za serikali za mitaa. Mfumo huo ulianza kazi mwaka 1984, na katika mwaka huohuo mabadiliko ya Katiba yakaziwekea serikali za mitaa msingi katika Ibara za 145 na 146, ili kuwapo kwake kusitegemee tena mpango wa muda wa kiutawala.

Utaratibu wa kazi

Chini ya Sheria Namba 8, baraza lina madiwani waliochaguliwa katika kata, madiwani wanawake wa viti maalumu ambao idadi yao si chini ya theluthi moja, na wabunge wa eneo husika. Kikao huongozwa na meya, ambaye huchaguliwa na madiwani wenyewe na kuitwa Mstahiki Meya, akisaidiwa na naibu meya ambaye nafasi yake hupigiwa kura upya kila mwaka. Mkurugenzi wa jiji, ambaye ni mtumishi wa umma na si mwanasiasa, ndiye katibu wa baraza na mtendaji mkuu wa halmashauri. Mgawanyo huu, ambao unamfanya diwani aamue na mkurugenzi atekeleze, ndio chanzo cha mivutano mingi katika halmashauri nchini, lakini pia ndio unaomzuia kila mmoja wao kushika fedha na uamuzi kwa pamoja.

Baraza hukutana kwa kikao cha kawaida angalau mara moja kila miezi mitatu, na mpangilio wa kikao unatawaliwa na Kanuni za Kudumu. Baada ya meya kuingia akiwa amevaa joho, na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuendesha kikao, kuthibitishwa, wajumbe huthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, kisha hujadili yatokanayo, yaani maelezo ya jinsi kila agizo la awali lilivyotekelezwa. Hapo ndipo nguvu ya kweli ya baraza ilipo, kwa sababu afisa anayejua kwamba ataulizwa tena baada ya miezi mitatu kuhusu choo cha soko la Mgandini au madawati ya shule ya Pongwe hulazimika kuwa na jibu, au kueleza hadharani kwa nini hana. Kikao cha kawaida huwa wazi kwa wananchi, ingawa wengi wao hawaitumii nafasi hiyo.

Hoja nyingi hufika barazani zikiwa zimechujwa. Ombi huanzia katika mkutano wa mtaa, hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, huchambuliwa na wakuu wa idara, na kisha hufikishwa katika kamati ya kudumu inayohusika. Kamati ya Mipango Miji na Mazingira hushughulikia ramani za viwanja, vibali vya ujenzi na usafi. Kamati ya uchumi, afya na elimu hushughulikia shule, zahanati na biashara. Na Kamati ya Fedha na Uongozi, inayokutana kila mwezi, hupitia taarifa za mapato na matumizi. Sheria ndogo, yaani kanuni zinazotungwa na halmashauri kwa eneo lake, huhitaji safari ndefu zaidi, kwani wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni, waziri huidhinisha, na Gazeti la Serikali huchapisha kabla ya mtu yeyote kutozwa faini.

Fedha na mipaka ya madaraka

Historia ya kazi hizi ni historia ya fedha pia. Kwa miaka mingi chanzo kilichochukiwa zaidi na walipaji kilikuwa kodi ya maendeleo, ambayo ilitozwa kwa kila mtu mzima na kufutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 imekuwa ikikusanywa kupitia manunuzi ya umeme. Ushuru wa huduma, ambao hukokotolewa kutokana na mauzo ya kampuni, umebaki kuwa nguzo muhimu kwa mji wenye kiwanda cha saruji na bandari. Katika mapato yake ya ndani halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro zake, ukarejeshwa mwaka 2024.

Madaraka nayo yamegawanywa upya. Maji yanatolewa na mamlaka ya maji ya Tanga, na barabara za mijini tangu mwaka 2017 ziko chini ya wakala wa serikali uitwao TARURA. Hata hivyo mwananchi anapokuta barabara imechimbika bado humwendea diwani wake kwanza, na baraza hulazimika kuwa mahali pa kuwaita wenye dhamana ili wajieleze. Shinikizo hilo linaongezeka kadiri mji unavyokua: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 273,332 na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 393,429, huku Chongoleani, kata ya pembezoni, ikichaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa hapo Agosti 2017. Kwa kuwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, ardhi itakayobaki kwa makazi, uvuvi na hifadhi ya mikoko ni jambo la meza ya madiwani, si la wawekezaji peke yao.

Funzo la historia

Baraza la Tanga limepita katika mikono ya wateuliwa wa kikoloni, likavunjwa, likarudishwa, na limekuwa likiendesha jiji huku vyanzo vyake vya mapato vikihamishwa mara kwa mara. Jambo lililodumu katika vipindi vyote hivyo ni hitaji la kuwa na watu wanaojulikana kwa majina, wanaokutana kwa tarehe zinazojulikana, na wanaoandika walichoamua. Kwa sababu hiyo kuliadhimisha baraza hili ipasavyo ni kuzitunza kumbukumbu za vikao vyake zisipotee, kuziweka mahali ambapo mwalimu, mwanafunzi na mfanyabiashara wa soko wanaweza kuzisoma, na kuwazoeza wakazi kuhudhuria vikao ambavyo sheria imewafungulia. Mji uliowahi kuonja kukosa baraza una sababu ya kutosha ya kulidai lifanye kazi yake ya kawaida vizuri, kila robo mwaka, bila kungoja maafa yalikumbushe.