Khadja Nin na Kiswahili cha Bujumbura

Mwimbaji wa Burundi anayejulikana zaidi nje ya nchi alijipatia jina huko Ulaya akiimba, kwa sehemu kubwa, kwa lugha ambayo Warundi wengi waliiona si yao. Khadja Nin angeweza kubaki na Kirundi, kinachosemwa nchi nzima, au Kifaransa, ambacho wanunuzi wa sahani zake kule Ubelgiji na Ufaransa walikielewa. Aliziimba lugha zote mbili, lakini Kiswahili ndicho kilichotangulia.

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam au Mombasa jambo hili halishangazi. Kwetu linahitaji maelezo. Kiswahili kiliingia Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa hadi uhuru wa mwaka 1962, pamoja na wafanyabiashara wa Ziwa Tanganyika na askari wa Wajerumani. Kilikaa sokoni, bandarini, na katika mitaa kama Buyenzi. Wamisionari Wakatoliki walipendelea Kirundi. Kiswahili walikihesabu kuwa lugha ya Uislamu. Mpaka leo, mtu akiitwa "Mswahili" mjini hapa huenda anatajwa dini yake, mtaa wake, au anasingiziwa ujanja. Sifa ya usomi haimo.

Khadja Nin alizaliwa Bujumbura mwaka 1959, na utotoni aliimba katika kwaya ya kanisa kuu la mji. Kwa hiyo malezi yake ya muziki yalitoka upande ule ule uliokitilia shaka Kiswahili. Lakini mtoto wa Bujumbura hahitaji mwalimu ili akisikie. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Zaire kusoma, akaolewa huko, kisha mwaka 1980 akahamia Ubelgiji na mwanawe mdogo. Baada ya muda mfupi akafiwa na mume. Miaka iliyofuata haikuwa ya jukwaa. Ilikuwa ya mama mjane anayetafuta riziki ugenini.

Mambo yalibadilika alipokutana na Nicolas Fiszman, mpiga gitaa Mbelgiji aliyekuja kuwa mtayarishaji wake, na kupata mkataba na kampuni ya BMG. Albamu ya kwanza ilibeba jina lake. Ya pili, ya mwaka 1994, iliitwa *Ya Pili* tu. Mnunuzi wa Paris huenda aliliona hilo jina la kishairi. Sisi tunaona hesabu. Mwaka 1996 ikaja *Sambolera*, iliyompa umaarufu mkubwa zaidi, ikiwa na "Sina mali, sina deni", wimbo uliojengwa juu ya muziki wa "Free" wa Stevie Wonder. Mwaka 1998 akatoa *Ya...*.

Tarehe hizo zisomwe pamoja na za nchi yake. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, vita vikaanza; Julai 1996 Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Mitaa ya Bujumbura iligawanywa kwa kabila, watu wakihama kwa kuogopa majirani. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulibaki na mchanganyiko wa watu kuliko mingi. Sidai kwamba Khadja Nin alichagua lugha kwa sababu hiyo. Ninachodai ni kwamba katika miaka ambayo dunia iliisikia Burundi kupitia habari za maiti, sauti nyingine kutoka mji huo huo ilisikika kwa lugha ya mtaa ambao haukukubali kugawanyika kirahisi. Mwanahistoria wa muziki hana haki ya kuliruka hilo.

Wengine watasema alikitumia Kiswahili kama pambo, kwa kuwa msikilizaji wa Ulaya alitaka "Afrika" bila kujali maneno. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa soko. Haielezi kwa nini nyimbo hizo zilipokewa pia Bujumbura, ambako maneno yanaeleweka.

Mwaka 2018 alikaa katika jopo la waamuzi wa tamasha la filamu la Cannes, chini ya Cate Blanchett. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilikuwa imekipa Kiingereza hadhi rasmi Burundi kando ya Kirundi na Kifaransa, Kiswahili hakikupewa. Mashuleni kiliingia katikati ya miaka ya 2000, wakati albamu zote nne nilizozitaja zilikwisha kutoka.