Setilaiti zamwongoza mrukaji wa parachuti angani

MTU anayejitupa kutoka kwenye ndege huporomoka kwa kasi ya takriban kilomita 200 kwa saa. Kwa miaka mingi, mrukaji alitegemea kipima-kimo kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono. Hata hivyo, kuusogeza mkono wakati wa kuporomoka kwaweza kuuyumbisha mwili, na parachuti ikishafunguka, mikono yote miwili huwa imeshika kamba za usukani.

Ndiyo sababu kukabuniwa kiwambo kidogo kinachofungwa kwenye helmeti, mbele ya jicho. Humwonyesha mrukaji kimo, kasi, upande anakoelekea na umbali uliosalia hadi anapokusudia kutua.

Kifaa hicho hupokea mawimbi ya angalau setilaiti nne za mfumo wa GPS, zinazoizunguka dunia kilomita 20,200 juu. Hadi Mei 2000, Marekani iliyavuruga kimakusudi mawimbi ya raia, makosa yakafikia mita 100. Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukome, matumizi ya kiraia yalipanuka.

Manufaa yake ni makubwa zaidi kwa wanajeshi wanaofungua parachuti kimo cha mita 7,500 au zaidi na kuelea makumi ya kilomita, mara nyingi usiku au juu ya mawingu. Upepo hubadilika kila kimo. Ukivuma kutoka mbele kwa kasi kuliko parachuti, mrukaji hurudishwa nyuma bila kutambua. Kiwambo kikimwonyesha mapema kwamba hatafika, huchagua mahali pengine pa kutua angali juu.

Lakini kifaa hiki kina udhaifu. Mwili ukibiringika, antena hupoteza mawimbi. Baridi kali hudhoofisha betri. Na adui aweza kuyavuruga mawimbi. Aidha, GPS hukadiria kimo kwa usahihi mdogo kuliko inavyoonyesha mahali. Kwa hivyo, kimo huaminiwa zaidi kinapopimwa kwa shinikizo la hewa, jinsi vifanyavyo vifaa vinavyofungua parachuti ya akiba mrukaji anapozimia.

Hatari nyingine ni ya kibinadamu. Anayekodolea kiwambo macho huenda asimwone mwenzake aliye karibu, na parachuti mbili zikigongana, zaweza kunasana. Kipima-kimo cha mkononi, basi, hakijastaafishwa, wala macho ya mrukaji mwenyewe.