Foto ya Nsala na vijiti vya Lontulu: hadithi ya Congo iliuzwa namna gani



Mwaka uliopita, ASBL yetu ndogo ya maagronome vijana ilikuwa inatafuta franga za mbegu nzuri za muhogo. Mfadhili mmoja akatuandikia hivi: mradi wenu ni mzuri, lakini hauna hadithi, tutumieni foto ya mtu anayeteseka. Basi nikapanda pikipiki, nikafika kijiji kimoja njia ya Ituri. Nikamkuta mama mmoja, shamba lake limekamatwa na ugonjwa wa mozaiki: majani yamejikunja, mizizi myembamba kama vidole. Nikamwomba asimame pale na uso wa huzuni. Akaniangalia, akasema: "Mutoto yangu, hii foto itaenda wapi? Na bale bataiona, batajua jina yangu?"

Nilikosa jibu. Nikarudisha simu mfukoni, nikarudi Kisangani mikono mitupu.

Tangu siku ile nimesoma historia kuliko nilivyosoma nikiwa iniversite. Kumbe swali la yule mama ni la zamani. Nchi yetu yote iliwahi kupigwa foto na kuhadithiwa kusudi watu wa mbali watoe franga. Mara ya kwanza hadithi ilituangamiza. Mara ya pili ilitusaidia, lakini nusu tu. Tuangalie zote mbili.

Ya kwanza ni ya mfalme Léopold II. Septemba 1876 aliita Bruxelles wataalamu wa jiografia na wasafiri wa Afrika, na katika mkutano ule ikazaliwa Association Internationale Africaine. Ukiiangalia, unaweza kusema ni ASBL ya leo: iko na mwenyekiti mwenye heshima, iko na kamati katika nchi mbalimbali, iko na malengo mazuri ya sayansi na ya kupinga biashara ya watumwa. Watu wenye huruma waliisifu na kuichangia. Nyuma yake mfalme akaunda vyama vingine vyenye majina ya kufanana, akamtuma Stanley kukusanya mikataba ya machifu, na mwaka 1885 akawa mwenye nchi.

Hadithi ile ilikuwa na adui na mwokozi, lakini Mkongomani mwenye jina hakuwamo. Waliosemwa kwamba wanaokolewa walikuwa kundi tu. Basi ni nani angeweza kwenda kuwauliza kama ni kweli? Mtu aliyekuwa hapa kwetu angeshangaa sana: mwaka 1887 mfalme huyohuyo, mpinga-utumwa mkubwa, alimteua Tippu Tip kuwa wali wa Stanley Falls, kwa mshahara.

Kuna mmoja aliyeona mapema. George Washington Williams, Mmarekani mweusi na mwanahistoria, alifika hapa kwenye maporomoko, na Julai 1890 akamwandikia mfalme barua ya wazi akihesabu makosa moja baada ya jingine. Barua ilileta kelele kwa muda. Mwaka 1891 Williams akafa, na kelele ikapoa. Ukweli alikuwa nao wote. Hakuwa na chama cha kuubeba baada yake.

Hadithi ya pili ilianza na vitabu vya hesabu. Edmund Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool iliyobeba mizigo kati ya Antwerp na Congo. Akaona mpira na pembe za tembo zinatoka Congo kwa wingi, na zinazorudi kule ni bunduki, risasi na maofisa. Biashara gani hii? Kama hakuna bidhaa zinazokwenda kulipa mpira, basi aliyeukata hakulipwa.

Hapa niruhusuni niseme kama agronome. Mpira ule haukutoka kwenye mihevea ya shambani, ilitoka kwenye kamba za porini, Landolphia. Mtu anaingia porini, anatafuta kamba, anaichanja, anangoja utomvu. Kamba za karibu zikiisha, anakwenda mbali zaidi, analala huko. Katika eneo la kampuni ABIR, mwanaume alidaiwa kwa kawaida kilo 3 hadi 4 za mpira mkavu kila wiki mbili. Atalima saa ngapi? Ndiyo maana njaa ilifuata mpira kila mahali. Na aliyekosa kilo zake, mke wake alishikwa, ao walinzi wenye bunduki walikuja kijijini.

Machi 1904 Morel na wenzake walianzisha Liverpool chama cha Congo Reform Association. Walikuwa na hesabu, na walikuwa na raporti ya konsuli Roger Casement, aliyepanda mto mwaka 1903 na kusikiliza watu. Lakini serikali ya Uingereza ilipoichapa raporti ile, iliondoa majina ya watu na vijiji, ikaweka herufi tu. Casement alikasirika sana. Mtu aliyegeuzwa kuwa herufi, ni rahisi kusema hayupo.

Halafu Mei 1904, kwenye misioni ya Baringa, baba mmoja akafika na kifurushi kidogo cha majani. Jina lake Nsala. Ndani ya majani mlikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye miaka kama 5, aliyeuawa na walinzi wa ABIR. Alice Seeley Harris, mke wa misionari, alimwomba akae barazani, akampiga foto. Ndani ya foto ile Nsala halii na hapigi kelele. Amekaa, anaangalia kilichobaki cha mtoto wake.

Foto ile na nyingine zikasafiri Uingereza na Marekani. Alice na mumewe John walizionyesha kwa taa maalumu iliyorusha picha ukutani, makanisani na katika kumbi za miji, na watu wakatoa franga na kusaini maombi kwa serikali zao. Mwaka 1905 Mark Twain akaandika kitabu kidogo cha kumcheka mfalme, na faida yake ikaenda kwa chama. Léopold naye hakulala. Alilipa waandishi wa magazeti, akakodi wakili Marekani wa kumtetea. Mwaka 1906 barua za wakili huyo zikachapwa gazetini, ikawa aibu kubwa.

Juu ya nini foto ya Nsala ilishinda magazeti ya mfalme? Wengi watasema: sababu inatisha. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Ilikuwa na jina la baba, jina la mtoto, mahali, na jina la kampuni. Mtu mwenye mashaka angeweza kwenda kuuliza.

Hata hivyo, kuna Mkongomani aliyesimulia kuliko kamera yoyote. Kelele zilimlazimisha Léopold kutuma tume ya uchunguzi, 1904 hadi 1905. Mbele yake alikuja Lontulu, chifu wa Bolima, na vijiti 110. Akavipanga mezani katika mafungu manne: wakubwa, vijana wanaume, wanawake, watoto. Kila kijiti ni mtu mmoja aliyeuawa juu ya mpira, na kila kijiti alikiita kwa jina.

Tume ilikubali kwamba maovu yalifanyika. Lakini ushahidi wenyewe, maneno ya Lontulu na ya mamia ya wengine, haukuchapwa. Ulikaa miaka mingi ndani ya arkivu. Ulaya iliona foto, haikusikia sauti.

Hiyo ndiyo nusu niliyosema. Novemba 1908 Ubelgiji ikamnyang'anya mfalme Congo, na mwaka 1913 chama kikafunga biro, kazi imekwisha. Mwaka 1917 ukaja ukoloni wa mazao ya lazima, pamba na mengineyo, na faini na gereza kwa asiyelima. Bandugu, tukumbuke: wakati ule agronome alikuwa mtu wa kuogopwa kijijini. Ni kazi yetu hii hii. Na taa za picha zilikuwa zimezimwa, sababu wenye hadithi hawakuwa na taa yao wenyewe.

Nilirudi kwa yule mama. Nikamwambia foto itaenda nchi gani, nani ataiona, na kwamba anaweza kukataa. Nikamsomea maandishi yetu kwa Kiswahili. Akanisahihisha mara mbili. Nilikuwa nimeandika kwamba hana kitu, akasema: "Andika ile shamba ilisomesha batoto yangu bane." Uso wa huzuni alikataa. Alisimama na fungu la miche ya muhogo aliyochagua mwenyewe, ile isiyo na ugonjwa, na jina lake tukaliandika kama alivyotaka liandikwe.

Yule mfadhili wa kwanza hakujibu tena. Mbegu tulizipata kwa michango yetu wenyewe, kidogo, za nusu hekta. Foto yake iko ukutani kwa mama, kopi moja. Nyingine iko ndani ya faili letu, na kila mwenye kuisoma anaweza kupanda pikipiki akaenda kumuuliza.

Nyinyi mnaofanya kazi kwenye ma-ASBL, niambieni: watu walio ndani ya raporti zenu, wamekwisha kuzisoma?