Gauni la Zamani Lina Kesi Yake

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya nguo za zamani, maana naona zimerudi mjini kwa kishindo. Pita soko la Karume siku ya kufungua marobota, au ukiwa Nairobi pita Gikomba, utawakuta mabinti wa miaka ishirini na kitu wameinama juu ya marundo ya mitumba. Nguo za kisasa wanaziruka. Wanachotafuta ni gauni lenye kola pana, blauzi ya maua makubwa, sketi ya malinda, suruali ya bugaluu. Wakishapata, mbio kwa fundi cherehani aingize kiuno kidogo, kisha wanakwenda kupigana picha mbele ya ukuta wowote uliochakaa.

Binti wa dada yangu ni mmoja wao. Amekusanya santuri za Mbaraka Mwinshehe, ingawa gramafoni ya kuzipigia hana. Ukutani amebandika nakala za picha za studio za miaka ya sitini na sabini: wasichana wamesimama mbele ya pazia, mkono kiunoni, nywele zimechanuliwa zikawa duara kama mwezi, na sketi imekata tamaa mbali kabisa na goti. Yeye mwenyewe ni mchoraji, na wasichana hao huwachora upya akiwazungushia maua ya kanga. Siku moja akaniambia, "Mama mdogo, enzi zenu mlikuwa huru. Tazama walivyopendeza, na hakuna aliyewasumbua."

Hilo la kupendeza nilimkubalia. Hilo la pili ndilo lililonileta leo kwenye kipaza sauti.

Oktoba 1968, hapa Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana zingekuwa marufuku. Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili. Nchi ilikuwa inajitafuta, na wakubwa wa Umoja wakasema kwamba mavazi hayo yanadhalilisha utamaduni wa taifa, kwamba ni kasumba ya kikoloni iliyovuka bahari. Kweli mini ilivuka bahari. Ilivuma kwanza London, kwa washonaji kama Mary Quant, ikafika kwetu kwa magazeti na sinema.

Lakini Januari haikusubiriwa. Mwezi ule ule wa Oktoba, makundi ya vijana yalijikusanya Kariakoo. Wanawake waliovaa vimini au magauni ya kubana walishushwa kwenye mabasi, wakapigwa, wakachaniwa nguo hadharani, mpaka askari wa Field Force wakaitwa. Fikirini, wasikilizaji: mtu ametoka nyumbani asubuhi kwenda kazini, jioni anarudi amejisitiri kwa khanga ya kuazima, na waliomvua nguo wanasema wanalinda heshima yake.

Magazetini nako kulichafuka. Standard, Nationalist, Uhuru na Ngurumo zote zilijaa barua, wengine wakiisifu Operesheni, wengine wakiipinga kwa hoja ambazo mpaka leo sijaona aliyezijibu. Kama kila kilichotoka nje ni haramu, waliuliza, mbona suti na tai za waheshimiwa hazimo kwenye orodha? Kama tunarudi kwenye asili, asili ipi? Ya babu zetu waliovaa ngozi na majani, ambao miguu yao yote ilionekana? Na wakati huohuo serikali ilikuwa inawahimiza Wamasai wa mkoa wa Arusha waache lubega na kuvaa suruali. Yaani mmoja anaambiwa amevaa Kizungu mno, mwingine anaambiwa hajavaa Kizungu vya kutosha.

Mimi nina maoni yangu kuhusu kilichowauma vijana wale, na nitayasema kama maoni. Msichana wa kimini wa mwaka 1968 mara nyingi alikuwa karani, mpiga chapa, muuguzi, mwanafunzi. Alikuwa na mshahara au alikuwa njiani kuupata. Kijana aliyekuwa anazurura Kariakoo bila kazi alimwona akipanda basi na mkoba wake, akimtazama kama hewa. Bosi wa msichana yule kijana hakuweza kumfikia. Sketi aliweza.

Mwaka 1969 ukaja na marufuku zake, na kabla haujaisha hata muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Wala hatukuwa peke yetu. Zanzibar waliandama bugaluu. Uganda, Idi Amin alipiga marufuku vimini mwaka 1972. Malawi ya Banda ilitunga sheria mwaka 1973 iliyowakataza wanawake vimini na suruali pia, na ikadumu mpaka enzi ya chama kimoja ilipofika ukingoni miaka ya tisini.

Cha kuchekesha, kama si cha kusikitisha, ni kwamba vazi lililotolewa kuwa kielelezo cha heshima lilikuwa khanga. Nani aliyesahau khanga ilitoka wapi? Leso ni neno la Kireno. Kitambaa kilichapwa Uingereza, Uholanzi na India, kikashushwa bandarini Unguja na Mombasa. Na mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, utumwa ulipokuwa unavunjwa (Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897), waliokimbilia maua yale na rangi zile ni wanawake waliokuwa wamevishwa merikani na kaniki nyeusi za kitumwa. Kwao khanga ilikuwa fasheni mpya, ya kumwambia jirani: nami ni mwungwana. Baada ya miaka sabini hivi, fasheni ile imekuwa mila, na wajukuu wanapigwa kwa ajili yake. Kiwanda chetu cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kilifunguliwa mwaka huohuo wa 1968.

Ndiyo maana picha za studio nazipenda kuliko anavyodhani binti yangu. Wapiga picha kama Parekh wa Mombasa au Oza wa Capital Art Studio, Unguja, walikuwa na kitu ambacho barabara haikuwa nacho: mlango unaofungwa. Nyuma ya mlango ule msichana alivaa alivyotaka, akainua kidevu, akatazama kamera kama malkia. Anayeitazama picha leo anaona tabasamu. Safari ya kurudi nyumbani haimo.

Na safari hiyo bado ni ndefu. Novemba 2014, Nairobi, wanawake waliandamana kwa mamia baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kwenye kituo cha matatu. Walibeba mabango yaliyosema nguo yangu, hiari yangu. Mwaka huohuo Uganda sheria dhidi ya ponografia ilitiwa saini, na baadhi ya wahuni wakaichukua kama kibali cha kuwavua wanawake barabarani. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu mwaka 2021.

Binti yangu hakuyajua haya. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama hao wasichana wa ukutani ni miongoni mwa walioshushwa kwenye mabasi. Swali zuri, na jibu lipo kwenye makabati yenu, wasikilizaji, kwenye albamu za mama na bibi. Wanaopenda vya zamani wasiishie kuiga mkao. Igeuzeni picha nyuma, mara nyingi utakuta muhuri wa studio, pengine na tarehe kwa kalamu ya wino. Ikiwa ni ya Dar es Salaam, na imepigwa baada ya Oktoba 1968, irudisheni tena upande wa mbele, mtazame pindo la gauni limeishia wapi. Kisha mkamuulize bibi, kama bado yupo, siku ile alipita njia gani.