Mabomba ya majitaka: Namna ya kuyakinga na kuyazibua

KATIKA mitaa inayokua kwa kasi kati ya Ruiru na Juja katika Kaunti ya Kiambu, Mugutha ikiwemo, mashamba yamegeuka kuwa ploti za nyumba za kupanga, na ghorofa zimechipuka upesi kuliko mabomba ya umma ya majitaka. Nyumba nyingi huelekeza maji ya jikoni, bafuni na chooni katika tangi moja lililochimbwa uani. Kwa hivyo bomba linapoziba, anayeteseka si lazima awe ndiye aliyeliziba. Mpangaji wa ghorofa ya juu humwaga mafuta ya kukaangia. Yule wa chini ndiye anayeamka alfajiri na kukuta uchafu umefurika sakafuni.

Kabla ya kumwita fundi, yafaa kujua kizuizi kiko wapi. Ikiwa ni sinki moja tu linalochelewa kupitisha maji, tatizo liko karibu, aghalabu katika kona ya bomba iliyopinda mfano wa herufi U chini yake. Kona hiyo hubakisha maji kidogo makusudi ili kuzuia harufu isipande nyumbani. Lakini choo kikitoa mapovu kila mtu anapooga, au mashimo ya sakafuni yakirudisha maji kwa pamoja, basi bomba kuu limeziba au tangi limejaa. Hapo hakuna juhudi za mpangaji mmoja zitakazofaa kitu.

Adui mkubwa jikoni ni mafuta. Huingia yakiwa moto na majimaji, kisha hupoa njiani na kugandamana ukutani mwa bomba, yakinasa majani ya chai, punje za wali na makoko ya ugali. Dawa yake ni nyepesi: sufuria ipanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa, mafuta yaliyotumika yatiwe katika mkebe, na tundu la sinki liwekewe kichungi. Bafuni, wa kulaumiwa ni nywele, povu la sabuni na udongo wa viatu vilivyooshwa humo msimu wa mvua. Chooni, sodo, nepi, matambara na pamba havina nafasi hata kidogo.

Uhaba wa maji nao huchangia. Mabomba yakikauka, familia husukuma choo kwa kopo moja la maji, ambalo halitoshi kuufikisha uchafu nje. Ndoo iliyomiminwa kwa mkupuo hufaa zaidi. Wajenzi pia hawakosi lawama: bomba la inchi 4 huhitaji mteremko wa takriban mita 1 kwa kila mita 40, na lililolazwa bila mteremko wa kutosha litaziba mara kwa mara hata wapangaji wawe waangalifu namna gani.

Sinki lililoziba huzibuliwa kwanza kwa kifaa cha mpira chenye mpini. Maji yaachwe yafunike mpira, tundu la pembeni la kuzuia mafuriko lizibwe kwa kitambaa kibichi, kisha mtu asukume na kuvuta kwa nguvu mara 15 au 20. Ikishindikana, ndoo iwekwe chini, ile kona ya U ifunguliwe kwa mkono na kusafishwa. Nywele za bafuni hutolewa kwa waya uliopindwa ncha. Maji moto husaidia kulainisha mafuta, ila yasiwe yanayochemka, kwani huweza kulegeza mabomba ya plastiki na kupasua choo cha kauri. Siki na soda ya kuokea, zinazosifiwa sana, hutoa mapovu ya kupendeza macho lakini hazisogezi kizuizi kigumu.

Magadi makali ya kuzibulia, yaani kostiki soda, huunguza ngozi na macho. Atakayelazimika kuyatumia avae glavu na miwani, ayatie kidogo kidogo katika maji baridi, wala asiyamwagie maji. Kamwe yasichanganywe na asidi, na asidi isikutanishwe na Jik, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Tena kemikali hizo zikizidi huua bakteria wanaomeng'enya uchafu tangini.

Tangi lenyewe hunyonywa na malori ambayo wengi huyaita egzosta, kabla tope halijafikia thuluthi ya kina chake. Maji ya mvua ya paani yasielekezwe humo. Na mtu yeyote asiteremke ndani, hata kumwokoa aliyeanguka: gesi yake yenye harufu ya mayai yaliyooza, ikizidi, huua uwezo wa kunusa na kumwangusha mtu kwa pumzi chache. Wengi waliofia mashimoni walikuwa waokoaji.

Gharama ndizo huzua ugomvi. Ni haki mpangaji alipie kona ya sinki lake, lakini bomba kuu na tangi ni vya mwenye nyumba. Akikaidi, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu bomba la majitaka lililo katika hali ya kuhatarisha afya kuwa kero, na humpa afisa wa afya mamlaka ya kumwandikia notisi aliondoe tatizo hilo kwa muda maalum. Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa afya ya umma wa eneo hilo, na ni heri yaandikwe na kutiwa sahihi na wapangaji kadhaa.