Mazoezi ya Bournville na Kakao ya São Tomé



Vyuo vikuu vingi vya Uingereza siku hizi vinawahimiza wafanyakazi wafanye mazoezi: punguzo la ada ya jimu, yoga saa ya chakula cha mchana, na mambo kama hayo. Wengi wetu tunaoishi Birmingham tunadhani ni mtindo wa juzi, umeletwa na kukaa kutwa mbele ya kompyuta. Mwenzenu nasema si wa juzi hata kidogo, na mji wenyewe ni huu huu.

Mwaka 1879 Richard na George Cadbury walikitoa kiwanda chao cha kakao katikati ya mji wakakipeleka shamba, mahali walipopaita Bournville. Walikuwa Waquaker, dhehebu lile lile lililofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, na kwao pombe ilikuwa mwiko. Badala ya baa waliweka viwanja vya kriketi na mpira, bustani za kupumzikia, na mwanzoni mwa karne ya 20 bwawa la kuogelea la wasichana wa kiwandani. Vijana walipelekwa kwenye mazoezi ya viungo ndani ya saa za kazi, wapende wasipende. Fikirini mchakamchaka wa shule zetu, ila msimamizi ni tajiri mwenyewe! Edward, mtoto wa George, aliyaandikia kitabu mwaka 1912, wala hakuficha: ustawi wa mfanyakazi na faida ya kiwanda aliviona ni kitu kimoja. Msichana akiolewa, lakini, kazi basi.

Haya, kakao ilitoka wapi? Hapo ndipo hadithi inaponikaa kooni. Sehemu kubwa ilitoka São Tomé, kisiwa cha Wareno. Mwaka 1901 William Cadbury alipata habari kwamba shamba moja la huko lilikuwa linauzwa, na vibarua wamehesabiwa pamoja na mali nyingine. Kampuni ikamtuma Joseph Burtt, akajifunza Kireno kwanza, akaenda kuchunguza kuanzia 1905 hadi 1907. Alikuta watu wa Angola wamenunuliwa, wakavushwa bahari kwa mikataba isiyokuwa na mwisho. Kurudi kwao ilikuwa ndoto. (Baadaye mashamba hayo yalichukua vibarua wa Msumbiji pia, kwa hiyo tusiseme ni habari ya pwani ya magharibi tu.) Kampuni iliacha kununua mwaka 1909. Hesabuni wenyewe: miaka minane.

Gazeti la Standard liliposema hayo hadharani, Cadbury wakalishtaki kwa kuwakashifu, na kesi ikasikilizwa hapa hapa Birmingham mwishoni mwa 1909. Wakili wa gazeti, Edward Carson, aliing'ang'ania hoja moja: mlijua, mkaendelea kununua. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa Cadbury ushindi, na fidia ya fadhingi moja, yaani robo ya peni.

Mimi simwoni George Cadbury kuwa mnafiki wa kawaida. Bwawa lilikuwa la kweli na wasichana waliogelea kweli. Ila hesabu ya "wafanyakazi wetu" iliishia kwenye lango la kiwanda, na aliyevuna kakao hakuwemo.

Kwetu nako serikali imewahi kuhimiza. Tanzania ina SHIMIWI, michezo ya wizara na idara, na Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Mama ntilie aliye jikoni tangu alfajiri sijui alipangiwa saa ngapi.

Nawaambia haya kwa sababu chuoni ninapofanya kazi tangazo la saa ya mazoezi hutumwa kwa barua pepe za wafanyakazi. Wasafishaji, na wamo Wakongo na Wasomali tunaosalimiana nao kwa Kiswahili, wameajiriwa na kampuni ya nje, hivyo hawalipati. Nilimuuliza dada mmoja kama angependa kuja, akacheka: "Mwalimu, ghorofa sita na ndoo mkononi, mazoezi gani tena? Nipe hiyo saa nikalale."

Nimeomba suala hilo liingie kwenye ajenda ya kikao cha chama chetu cha wafanyakazi mwezi ujao. Wenzangu wawili wameniunga mkono. Wa tatu ameniuliza kama wasafishaji ni wanachama wetu.